Bampa Linabambuka: Kazi Iliyo Kabla ya Rangi

Viti vya plastiki vya kukodi harusini hapa Malindi vingi vimeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya mafuta. Harusi ya kwanza jina linasomeka vizuri. Ya tatu, herufi mbili hazipo, watoto wamezibandua kwa kucha wakingoja pilau.

Bampa la gari lako ni ndugu wa kiti kile. Vyote viwili, mara nyingi, ni polipropilini, plastiki ambayo haipendi kushikwa na kitu. Mwagia maji bampa jipya lisilo na rangi uone: yanajikusanya matone na kuteremka, kama juu ya jani la mgomba. Rangi nayo hufanya hivyohivyo, ila yenyewe inakauka kabla hujaona inavyokimbia, ukadhani imeshika.

Sisi wa karakana ya rangi za magari tulijifunza kwa aibu. Zamani kidogo, mzee mmoja wa Mambrui alirudi na Probox yake wiki tatu baada ya kumkabidhi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hivi mwanangu, rangi hii uliniuzia ya sikukuu tu?”

Akainama, akashika ukingo karibu na taa ya ukungu, akavuta polepole. Kilitoka kipande kirefu kama kiganja, na plastiki chini yake inang'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana. Kung'aa kule ndiko kulikotusuta, kwa maana msasa haukupita pale. Ilikuwa juma la Idi, magari yamepanga foleni, tukapangusa kwa thina na kupiga rangi. Bampa tulilirudia bure, na mzee bado ni mteja wetu, ingawa hadi leo kila akija hupitisha kucha kwanza.

Basi kwa wanaouliza kama wanaweza kupaka wenyewe nyumbani kwa makopo ya sprei: mnaweza. Kifuniko cha kioo cha pembeni au kona ya bampa havihitaji kompresa. Vinahitaji subira.

Kwanza geuza kipande utazame nyuma. Plastiki nyingi zimepigwa muhuri wa herufi. Ukiona PP au PP+EPDM, huyo ndiye ndugu wa kiti. Ukisoma TD20 mbele yake, maana yake imechanganywa asilimia 20 ya unga wa talki. Ukiona ABS, ambayo ni plastiki ya aina nyingine, na vifuniko vya vioo na grili nyingi ndivyo zilivyo, umepata nafuu, kwani ABS hushika rangi kwa urahisi zaidi. Lakini ABS na thina hawapatani, ukiimiminia inalainika na kupasuka. Muhuri ukiwa umefutika, kata kipande kidogo upande usioonekana, ukitie kwenye glasi ya maji. PP tupu huelea, ABS huzama. PP yenye talki nyingi inaweza kuzama pia, kwa hiyo muhuri ukiwepo uaminiwe huo.

Kisha osha, na uoshe kabla ya msasa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanakwangua kwanza, na grisi inaingia ndani ya mikwaruzo, haitoki tena. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, brashi, suuza kwa maji matamu mengi. Gari linalolala Shela au Watamu lina chumvi hata pasipoonekana. Bampa jipya lina mafuta yaliyopakwa kiwandani ili litoke kwenye kalibu. Na adui mkubwa kuliko wote ni ile dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi. Ina silikoni, na tone moja likibaki, rangi inajitenga na kuacha vishimo vya mviringo. Bampa likishakauka pangusa kwa dawa ya kuondoa grisi, kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kuondoa kabla haijakauka yenyewe. Petroli si dawa hiyo. Inaacha mafuta.

Msasa sasa. Palipochubuka anza na namba 320 mpaka ukingo wa rangi ya zamani usisikike ukipitisha kidole umefumba macho, kisha 400, umalizie na 600 kwa maji kote. Kwenye plastiki tupu usishuke chini ya 400, polipropilini ikikwanguliwa na msasa mkali inaota vinyweleo, na rangi itavionyesha kimoja kimoja. Ukimaliza, pasiwe na mahali popote panapong'aa, hata ndani ya mifereji ya grili. Kama kuna shimo, tumia fila ya plastiki. Ile ya bati hukauka ngumu, na bampa likigusa ukuta kidogo tu, fila inapasuka.

Halafu kile ambacho sisi tulikiruka kwenye Probox ya mzee: praima ya plastiki. Ni kopo dogo, mara nyingi haina rangi, na ndiyo maana watu huona wanauziwa hewa. Piga mkono mmoja, yaani tabaka moja, mwembamba. Usiikwangue, usiiguse, na ufuate muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kuweka rangi, maana ukichelewa nguvu yake ya kushika inapungua. Pesa zikiwa hazitoshi, nunua hii kwanza, rangi utanunua mwezi ujao.

Namba ya rangi usiikisie kwa macho. Iko kwenye bamba la chuma, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe ya kawaida na ndiyo rahisi kuliko zote. 1F7 ni fedha yenye chembe, nayo ina hila. Piga kipande kikiwa kimesimama kama kinavyokaa kwenye gari, kwa sababu kikilala chini chembe zinalala vingine na rangi itaonekana tofauti. 070 ni nyeupe ya lulu, ya tabaka tatu. Hiyo tuletee.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno lake. Alfajiri kuna umande, adhuhuri plastiki nyeusi inaunguza mkono na rangi inakauka kabla haijatandaa, alasiri upepo unaleta mchanga. Tunachopenda sisi ni saa tatu hadi saa tano asubuhi, kivulini. Ila si chini ya makuti matupu! Makuti yanadondosha vumbi na wadudu, tandika shuka au nailoni juu. Nyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi. Siku za masika ahirisha, unyevu ukizidi rangi inafifia na kuwa na ukungu mweupe.

Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya gololi kuanza kulia. Shika umbali wa shibiri moja. Anza kubonyeza nje ya kipande, pita, achia nje upande wa pili, na mpito wa pili ulalie nusu ya ule wa kwanza. Mkono wa kwanza uwe rasharasha tu, plastiki bado inaonekana. Subiri dakika kumi au kumi na tano, rudia mara mbili au tatu. Ukitaka kufunika kwa mara moja itachuruzika, na hapo unarudi kwenye msasa.

Mwisho ni klia, lile tabaka angavu la kulinda rangi. Ya kopo la kawaida inatosha kwa kifuniko cha kioo. Ile yenye hadna, dawa ya kuigandisha, ni imara zaidi, haiogopi petroli, lakini ina isosianeti, kemikali ambayo huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kama huna barakoa ya mvuke yenye vichujio, kazi hiyo tuachie. Tunapokea hata kipande ulichokiandaa mwenyewe, na bei inashuka kwa sababu kazi kubwa umeshaifanya.

Baada ya hapo gari lisipelekwe kwa mashine ya maji wiki nzima, ndoo na kitambaa laini vinatosha. Nta ngoja mwezi. Anayeleta bampa alilete limeshafunguliwa, na namba ya rangi ameiandika. Ijumaa tunafunga saa sita kwenda msikitini, tunarudi saa nane.