Wapimieni viatu waliopona ukoma

Mheshimiwa Mhariri,

Utakumbuka habari mliyochapisha wiki mbili zilizopita, yenye picha ya wazee waliopanga foleni kupokea sukari na sabuni kutoka kwa kikundi cha kanisa, ambapo mliwaita "wakoma". Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika neno. Leo naandika kwa sababu watu wa namna hiyo ninawafahamu: walimeza dawa wakapona, wengine kabla mwandishi wenu hajazaliwa.

Mama yangu ni mmoja wao. Alitibiwa Buluba, hospitali ya ukoma huku kwetu Busoga, Uganda, akamaliza dawa mwaka 1988, na sisi watoto sita tuliolala naye chumba kimoja hatukupata hata baka moja la ukoma kwenye ngozi. Kilichobaki ni mishipa ya fahamu iliyokufa. Mguu wake hausikii jiwe, msumari wala moto. Vidole vyake havikudondoka kama watu wanavyosimulia. Viliisha polepole kwa vidonda ambavyo hakuvihisi.

Januari mwaka jana, kwa ajili ya Siku ya Ukoma Duniani, inayoadhimishwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huo tangu mwaka 1954, kikundi kimoja cha Kikristo kilifika kijijini kwetu. Wazee waliketishwa juani tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, wakahubiriwa, wakaimbiwa, kisha mama akaombwa ainue mikono yake mbele ya kamera kabla ya kukabidhiwa kilo mbili za sukari na dada aliyevaa glavu. Siku hiyo mama alikuwa na kandambili zilizokatika, ambazo alikuwa amezifunga kwa waya. Waya huo ulimchoma njiani akirudi nyumbani, naye hakujua. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye mkeka. Kidonda kilikaa miezi saba, na kidole gumba cha mguu wa kulia hakipo tena. Walikuja kwa magari mawili na spika kubwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeinama kutazama miguu ya mzee yeyote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanafanya hivyo kwa jina la Kristo, katika nchi ambayo imeona Wakristo wakiifanya kazi hii ipasavyo. Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland, alianzisha Buluba mwaka 1934. Daktari Wanda Błeńska kutoka Polandi alifika huko mwaka 1951, akakaa zaidi ya miaka 40, akawapima wagonjwa kwa mikono mitupu ili wote waliomtazama wajifunze kutoogopa. Hao walikaa na watu. Walijua nani ana kidonda na kiko upande gani.

Na wahubiri waache kufananisha ukoma na dhambi. Kila inaposomwa habari ya Naamani, yule jemadari wa Biblia aliyekuwa na ukoma, mama huhamia benchi la nyuma. Ugonjwa huu huletwa na bakteria, aliyegunduliwa na Hansen wa Norwe mwaka 1873, na dawa yake hutolewa bure. Kijana mwenye baka lisilo na hisia akisikia mahubiri hayo atalificha chini ya shati, na atakapokuja kujitokeza mishipa itakuwa imekwisha kuharibika.

Naomba vikundi hivi vije mwezi wa Oktoba, bila spika, vikiwa na karatasi ngumu na penseli. Mchoreni kila mzee unyayo wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake, kwa kuwa mara nyingi nyayo hazilingani tena. Mpeni fundi michoro hiyo atengeneze sandali pana, zenye soli ngumu chini, mpira laini juu na mkanda wa nyuma, zilizoshonwa kwa uzi, pasipo msumari hata mmoja. Januari mzilete, pamoja na beseni na mafuta, mkae nusu saa mkiwalowesha miguu na kuwaonyesha wajukuu jinsi ya kuikagua kila jioni. Nawe Mhariri, ukichapisha picha, waombe ruhusa kwanza, uwaandike kwa majina yao.

Mguu wa kushoto wa mama una sentimita 21, wa kulia 17 na nusu. Nimeupima mwenyewe, na mchoro ninao kwa fundi yeyote atakayeuhitaji.

Msomaji wenu,
Walukuba, Jinja