Kifurushi Kimeisha na Hutaki Kulipia Tena: TV Yako Bado Ina Kazi

Swali linaloingia dukani kwetu Mwanjelwa, Mbeya, kila mwisho wa mwezi ni lile lile: "Fundi, nikiacha kulipia kifurushi, TV si itabaki pambo la sebuleni?" Haibaki pambo. Lakini jibu kamili linategemea mambo mawili ambayo hakuna fundi anayeweza kukuamulia akiwa amekaa kaunta: kwenu mnaangalia nini hasa, na nyumba yenu imekaa upande gani wa mlima.

Tuanze na la kwanza, maana ndilo watu wanaloliruka. Kabla hujagusa waya wowote, kaa na watu wa nyumbani, bibi na watoto wakiwemo, mwandike chaneli ambazo kweli mliziwasha wiki iliyopita. Msihesabu zilizomo kwenye orodha ya king'amuzi, hesabuni mlizoangalia. Mara nyingi karatasi hiyo inakuwa fupi: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tamthilia moja au mbili, katuni, kwaya na mahubiri ya Jumapili, na mpira. Anayelipa shilingi 25,000 kwa mwezi anatoa 300,000 kwa mwaka. Kwa mkulima wa viazi wa Uporoto hiyo ni fedha ya mbolea, na ana haki ya kujua inamnunulia nini.

Mpira tuuseme mapema ili mtu asije akatulaumu baadaye. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wa miaka 10 na thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo timu ya Prisons ikicheza pale uwanja wa Sokoine, hakuna njia halali ya kuiona mubashara bure ukiwa nyumbani kwako. Ligi ya Uingereza nayo ni ya kulipia. Kama nyumba yako inaishi kwa mpira, ushauri wetu ni usikate. Lipia miezi ya ligi, ligi ikisimama acha kulipia, na king'amuzi hakiharibiki kwa kukaa bila kifurushi. Na kama unachotaka ni mechi kubwa mbili tatu tu kwa mwezi, kibanda umiza cha mtaani kwako kitakutoza kidogo sana kuliko kifurushi kizima.

Yaliyobaki kwenye karatasi yako, sehemu kubwa yanapatikana bure.

Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Mbeya mwaka 2013, wengi waliamini kwamba tangu hapo TV ni ya kulipia tu. Imani hiyo bado ipo, na inawagharimu watu. Kilichobadilika ni namna mawimbi yanavyobeba picha. Chaneli za bure za kitaifa, kama TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, ziliendelea kuwa za bure, na masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, yalikuwa kwamba kwenye king'amuzi cha antena zionekane hata kifurushi kikiisha. King'amuzi cha dishi kilikuwa habari nyingine. Mwaka 2018 TCRA iliyaagiza makampuni ya dishi ya kulipia yaondoe chaneli hizo za ndani, kwa sababu leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Wakati huo mteja aliyekuwa na dishi peke yake akajikuta analipia kila mwezi na taarifa ya habari ya nyumbani haioni. Ndiyo maana mtu akitaka kuacha kulipia, kitu cha kwanza tunachomuuliza ni antena.

Antena na milima yetu

Mawimbi ya TV ya dijitali ya ardhini husafiri katika masafa ya UHF, kuanzia 470 MHz kwenda juu, na masafa hayo hayapindi mlima. Yanataka antena iuone mnara, au walau isizibwe na kitu kikubwa. Huku kwetu hilo ndilo tatizo lote. Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja juu kilimani na nyingine bondeni karibu na mto, zinaweza kupishana kabisa: huku chaneli zote, kule hakuna hata moja. Iringa ni vivyo hivyo. Mkazi wa Gangilonga kule juu na wa Ipogolo kule chini kwenye Ruaha Mdogo hawawezi kupewa ushauri mmoja. Na Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, ukikaa kati yako na mnara, hakuna nguzo ya kuuruka. Hapo tutakwambia wazi uweke fedha yako kwenye dishi.

Lakini kabla hujaikatia antena tamaa, elewa jambo moja. Zamani za analojia, mawimbi yakiwa hafifu ulipata chenga, ukaangalia hivyo hivyo. Dijitali haina chenga. Picha inakuwa safi, safi, halafu inaanza kuganda na kukatika vipande vipande, kisha skrini inakuwa nyeusi. Kwa hiyo nyumba ambayo mawimbi yamepungua kidogo tu chini ya kiwango inaonekana sawa na nyumba isiyo na mawimbi kabisa. Mwenye nyumba anasema "huku antena haishiki", kumbe ilibaki nguzo ya mita mbili kwenda juu, au kuisogeza antena kutoka nyuma ya mti wa parachichi wa jirani.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, tafuta sehemu ya kutafuta chaneli kwa mkono. Utaona mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora. Usidanganywe na wa nguvu. Angalia wa ubora. Mmoja abaki ndani akisoma, mwingine azungushe antena juu polepole, kidogo kidogo, akisubiri sekunde chache kila mara kwa sababu king'amuzi kinachelewa kusoma. Ubora ukipanda na kutulia, kaza nati hapo hapo.

Kuhusu busta: busta haitengenezi mawimbi. Inakuza yaliyopo pamoja na makelele yake. Inasaidia pale ambapo antena inapata mawimbi mazuri lakini waya ni mrefu, na inatakiwa kufungwa karibu na antena, si nyuma ya TV. Aliye karibu sana na mnara akifunga busta anaweza hata kupoteza chaneli alizokuwa nazo, maana mawimbi yanazidi. Baadhi ya antena zina busta ndani yake inayotaka umeme wa volti 5 kutoka kwenye king'amuzi. Kuna kipengele cha kuuwasha kwenye menyu, na kikizimwa antena hiyo inakuwa kama imekufa.

Waya nao. Tumekuta nyumba zenye antena nzuri iliyounganishwa kwa waya wa zamani uliofungwa viungo kwa mkanda mweusi, maji ya mvua yameshaingia ndani. Nunua waya wa RG6 wa kipande kimoja kutoka juu hadi kwenye TV. Na usimlipe mtu bei ya juu eti antena yake ni "ya dijitali". Antena haijui dijitali wala analojia. Ile ya UHF uliyonayo juu ya paa tangu enzi hizo, kama haijaliwa na kutu, itafanya kazi.

Angalia pia TV yenyewe. TV nyingi za kisasa zina alama ya T2 au T2/S2 nyuma au kwenye boksi lake. Maana yake mtambo wa kupokea mawimbi umo humo ndani: T2 ni wa antena, S2 ni wa dishi. Chomeka antena moja kwa moja, tafuta chaneli, uone zinazoingia kabla hujanunua king'amuzi chochote. Chaneli ikijiorodhesha kwa jina lakini ikaandika "Scrambled", mawimbi yamefika ila yamefungwa, na hapo utahitaji king'amuzi cha mwenye mnara huo.

Dishi lako lisilolipiwa

Dishi ni bati la kukusanya mawimbi. Kama ulilinunua ni lako, na likigeuzwa kuelekea satelaiti nyingine linapokea chaneli za huko. Satelaiti za TV zimepangana juu ya ikweta, kwa hiyo kwa mtu aliye Mbeya zote zipo upande wa kaskazini wa anga, kutoka mashariki hadi magharibi. Ile ya DStv, nyuzi 36 mashariki, iko karibu juu ya kichwa. Ya Azam, nyuzi 7 mashariki, iko magharibi kwetu. Intelsat 20, iliyo nyuzi 68.5, iko mashariki, na hubeba chaneli kadhaa zisizofungwa, nyingi zikiwa za dini. Utahitaji risiva ya chaneli za bure inayosoma S2 na MPEG-4, namna mpya zaidi ya kubana picha. Zile za zamani za MPEG-2 zinauzwa rahisi na zitakuacha nje ya chaneli nyingi.

Mtu wa Tukuyu tunamshauri afikirie dishi kubwa, la futi 6 au 8. Sababu ni mvua. Dishi dogo hupokea bendi ya Ku, ambayo wimbi lake ni la sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya mvua hulimeza. Dishi kubwa hupokea bendi ya C, wimbi la sentimita saba hivi, na hilo hupita kwenye mvua bila kusumbuka sana. Mahali panaponyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, tofauti hiyo utaiona kila jioni ya mvua.

Ila tuseme ukweli kuhusu chaneli za bure za satelaiti: nyingi ni za nje, kwa Kiingereza, Kiarabu au Kihindi. Anayependa mahubiri, muziki au habari za dunia atafurahi. Anayetaka habari za Bunge na tamthilia za Kiswahili aanze na antena, dishi lifuate kama mlima umemzuia au kama anataka nyongeza.

Kwa mwenye simu janja, taarifa za habari za vituo vyetu vingi huwekwa YouTube. Kumbuka tu kwamba bando nalo ni malipo: video ya ubora wa 480 hula nusu GB kwa saa au zaidi kidogo, kwa hiyo familia inayoangalia kwa muda wa saa nne kila siku itarudi kulipa kile kile ilichokuwa inakikimbia.

Tunaombwa pia maboksi "yanayofungua kila kitu" kwa namba za siri za kununua kwa mtu. Hatuyafungi na hatutayafunga. Ni wizi wa haki za wengine chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999, na ni wizi kwako pia: namba hizo zinategemea seva ya mtu usiyemjua, ikizimwa katikati ya mechi hakuna wa kumdai. Tumeona wazazi waliotoa akiba yao kwa vitu hivi, na inauma.

Ukitaka tukusaidie, njoo na picha ya nyuma ya TV yako, picha ya king'amuzi ulichonacho, na ile karatasi ya chaneli. Tuelekeze nyumba ilipo na mlima ulio karibu. Tunapanda na mita ya kupimia mawimbi kwanza. Yasiposhika tutakwambia hapo hapo, na antena hatutakuuzia. Na kuanzia Novemba mvua zinaporudi, kabla radi haijaanza kulia, chomoa waya wa antena au dishi kwenye TV, si plagi ya umeme peke yake. TV nyingi tunazoletewa zimeungua baada ya radi zilipigwa kupitia waya huo.