TMDA si TFDA: malalamiko yapelekwe panapohusika

Mhariri,

Bado wengi huiita TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania) kwa jina la zamani, TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), na kuipelekea malalamiko ya vyakula na vipodozi. TFDA ilianza 2003, ikirithi kazi za Bodi ya Famasi na Tume ya Taifa ya Udhibiti wa Chakula. Tangu 2019 chakula na vipodozi vimehamia TBS (Shirika la Viwango Tanzania); TMDA imebaki na dawa, vifaa tiba na vitendanishi (kemikali za kupimia magonjwa). Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa, ZFDA.

Upimaji wa dawa ndio watu wasiouelewa. Wakaguzi wa mipakani huwa na maabara ndogo ya kubeba: kidonge husagwa na kuyeyushwa, tone lake huwekwa kwenye bamba lenye silika kando ya tone la dawa halisi, kisha madoa hulinganishwa. Doa likikosekana, kiambata hai (kile kinachotibu) hakimo. Likififia sana, kimepunjwa. Lakini kipimo hiki hakiwezi kukamata kidonge kinachopita tumboni bila kuyeyuka. Hilo huonekana maabara kuu.

Ukiitilia shaka dawa, usiitupe wala usiitoe kwenye pakiti yake. Ipeleke kituo cha afya. Kama imekudhuru, mhudumu ajaze fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Bila namba ya toleo iliyochapwa kwenye pakiti, mkaguzi hawezi kujua shehena ipi iondolewe sokoni. Ndiyo maana vidonge vya kuhesabiwa kwenye bahasha isiyoandikwa kitu vinatutia wasiwasi mkubwa. Maduka yote yaandike juu ya bahasha jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Wafamasia,
Morogoro