Kabla ya kununua kadi ya mamilioni

Ndugu Mhariri,

Kurasa za teknolojia zimezoea kutoa ushauri kwamba anayetaka kuchora kwa kompyuta picha za nyumba zenye mwanga wa kweli atafute kwanza kadi ya grafiki (kifaa cha kompyuta kinachokokotoa picha) ya mamilioni. Ushauri huo unawapoteza vijana wengi wanaofanya kazi hii hapa Mtwara na Lindi. Kadi nzuri inasaidia, hilo hatubishi. Ila picha inayorendwa (kukokotolewa na kompyuta kutoka kwenye mchoro) usiku kucha mara nyingi imekwamishwa na mpangilio wa faili, na mpangilio mbaya utaitesa hata kadi mpya.

Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli (nukta za rangi) 2,073,600. Blender, programu ya bure wanayoitumia wengi, huja na injini ya kurendi ya Cycles iliyowekwa kikomo cha sampuli 4,096 kwa kila pikseli, yaani miale ya mwanga inayotumwa kupima rangi yake. Ikifika kikomo hicho, ni zaidi ya miale bilioni 8 inayotoka kwenye kamera, na kila mmoja unaweza kudunda hadi mara 12. Turner Whitted, mtafiti wa grafiki za kompyuta, alipochapisha mbinu yake ya kufuatilia miale mwaka 1980 alishaonyesha kwamba sehemu kubwa ya muda inaliwa na swali moja: mwale huu umegonga nini?

Ili kulijibu upesi, programu hupanga mti wa visanduku. Pembetatu zinazounda kila umbo kwenye mchoro zinafungwa ndani ya visanduku vidogo, navyo ndani ya vikubwa zaidi. Mwale ukikikosa kisanduku, vyote vilivyomo vinarukwa. Kwenye pembetatu milioni 1, mti ukikaa vizuri, mwale unashuka ngazi kama 20 tu. Kadi za RTX za kampuni ya NVIDIA, zilizoingia sokoni 2018, zina sakiti maalumu ya kazi hiyo, lakini hata zenyewe zinategemea mti uliokaa sawa.

Mti unaharibiwa na vitu virefu vyembamba vilivyolala mshazari. Visanduku hulala sambamba na pande tatu za mchoro (urefu, upana na kimo), kwa hiyo waya wa umeme unaokatiza uwanja, au nondo ya grili iliyopinda upande, unapata kisanduku kikubwa kilichojaa hewa. Kila mwale unaopita hapo unaingia, unapima, unatoka mikono mitupu. Kata nondo hiyo vipande vifupi: pembetatu zitaongezeka, muda utapungua. Ndiyo maana mfano wa magofu ya Kilwa Kisiwani uliotengenezwa kwa picha za droni, wenye mamilioni ya pembetatu ndogondogo, unaweza kupita haraka kuliko uzio mmoja wa grili. Watu hawaamini mpaka wapime.

Mikorosho ndiyo inayoua kazi nyingi za huku kwetu, maana mteja anataka shamba lionekane nyuma ya nyumba. Mti wa pembetatu 200,000 ukinakiliwa mara 300 unafikisha milioni 60. Nakili kwa vitufe vya Alt+D, siyo Shift+D inayounda umbo jipya kila mara; umbo litabaki moja kwenye kumbukumbu, na kila mti utahifadhi mahali ulipo, ukubwa na mwelekeo wake tu. Hakikisha modifaya (amri za Blender zinazobadili umbo) zote za mti wa kwanza zimekamilishwa kwa Apply kabla ya kunakili. Zikibaki wazi, Cycles inaunda umbo kamili kwa kila mti, na kadi ya GB 8 inajaa huku mwenyewe ukiamini umefuata utaratibu.

Kisha majani. Wengi hutumia kibapa cha mraba chenye picha ya jani, pembeni pakiwa wazi. Mwale ukigonga sehemu ile ya wazi, programu inasoma picha, inaupitisha, inaanza kuuliza upya. Kikomo cha kawaida ni mara 8. Baada ya hapo panakuwa peusi, na hayo ndiyo mabaka meusi yanayoonekana katikati ya mti. Kuongeza kikomo ni kuongeza muda. Kata kibapa kifuate ukingo wa jani. Jani la mkorosho ni pana na ncha yake ni ya mviringo, pembetatu 6 hadi 8 zinalitosha.

Tekscha, yaani picha zinazobandikwa kwenye nyuso za vitu, nazo zinadanganya kwa ukubwa wake kwenye diski. JPEG ya MB 3 yenye pikseli 4096 kwa 4096 ikifunguliwa inakula MB 64 za kadi. Ukuta wa mbali upewe 1024 kwa 1024, yaani MB 4.

Kuhusu chenga, yaani vinukta vinavyoichafua picha: ili zipungue nusu, sampuli lazima ziwe mara 4. Kupanda kutoka 4,096 hadi 16,384 ni hasara tupu. Weka 256 au 512, kisha tumia kisafishaji cha Open Image Denoise, kilichomo ndani ya Blender tangu toleo la 2.81, ukikipa pia rangi halisi za vitu na mwelekeo wa nyuso. Usishuke hadi 32: migongo ya mabati itayeyuka na nondo zitapinda. Kwa video ongeza kidogo, maana kila fremu (picha moja ya video) inasafishwa peke yake na ukuta utaonekana ukichezacheza.

Sebule inayopata mwanga kupitia dirisha la aluminiamu hujaa vidoa vyeupe kwa sababu kioo kinazuia miale ya kivuli inayolitafuta jua. Kama kioo hakionekani kwenye picha, kiondoe. Kama kinaonekana, tumia nodi (kipande cha maelekezo ndani ya Blender) ya Light Path ili miale ya kivuli ikione kama uwazi.

Mwisho, umeme. Video irendwe kama picha za PNG, fremu moja moja, siyo faili moja la video la MP4 moja kwa moja. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 180, unaendelea na ya 180. MP4 iliyokatikia katikati kwa kawaida haifunguki.

Wachoraji wa picha za majengo,
Mtwara Mjini