Uhakiki wa wanasemina upewe muda na alama zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wahadhiri wenzangu wanaoendesha semina za vyuo vikuu. Kwa kawaida mwanasemina hupewa kazi tatu: aandike makala, aiwasilishe mbele ya wenzake, na ahakiki makala ya mwenzake. Mbili za kwanza hupangiwa tarehe na alama mapema, ilhali mara nyingi ya tatu huachiwa siku za mwisho bila alama yoyote, na mwandishi huambulia sentensi moja tu: “Makala ni nzuri, ila rekebisha tahajia.”

Maoni ya namna hiyo hayamfai mwandishi kwa lolote. Yalinganishe na haya: “Katika ukurasa wa 4 unadai kwamba wanafunzi hawatumii maktaba, lakini jedwali lako linaonyesha kuwa wote uliowahoji ni wa mwaka wa kwanza, ama upunguze dai, ama uwahoji na wa miaka mingine.” Aliyeandika hivi ameisoma makala yote, amelipima dai kwa ushahidi uliopo na ameonyesha njia ya kulirekebisha, tena bila kumvunjia mwandishi heshima. Ujuzi huo haupatikani kwa kuandika makala peke yake, kwani kasoro ya hoja huonekana upesi zaidi katika kazi ya mtu mwingine, na aliyezoea kuitambua huko hujifunza kuitafuta katika kazi yake mwenyewe.

Hata vigogo wa taaluma wamehitaji jicho la pili. Mwaka 1936 Albert Einstein na mwenzake Nathan Rosen walipeleka kwa jarida la Physical Review makala iliyodai kuwa mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya nguvu ya uvutano inayosafiri angani, hayapo. Mhariri aliikabidhi kwa mhakiki, ambaye aligundua kasoro na kuieleza kwa kirefu. Einstein alikasirika, akaiondoa makala yake. Ilipochapishwa katika jarida lingine mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limegeuka, na mwaka 2015 mawimbi hayo yalinaswa na mitambo.

Napendekeza rasimu kamili, si vidokezo, imfikie mhakiki wiki tatu kabla ya siku ya kuwasilisha, na uhakiki umrudie mwandishi baada ya wiki moja. Uwasilishaji nao utanufaika. Makala ya maneno 5,000 haiwezi kusomwa yote kwa dakika 20, na wanaojaribu hukatizwa kabla ya kufikia matokeo. Lakini mwandishi aliyekwisha kuonyeshwa mahali msomaji wake alipokwama anajua ni dai lipi alifafanue na ni jedwali lipi aliweke kwenye slaidi, kisha mengine ayaache ndani ya makala.

Wapo wanaohofia kwamba wanafunzi watapendeleana au kuoneana haya. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana mhadhiri hana budi kuusoma kila uhakiki na kuutolea alama, walau robo ya alama zote za semina, kwa kuangalia uzito wa hoja na wala si wingi wa sifa au lawama. Mwandishi naye aambatishe kwenye makala ya mwisho maelezo mafupi ya namna alivyoyashughulikia maoni aliyopewa, pamoja na sababu za kuyakataa yale aliyoyakataa.

Wako,
Mhadhiri wa chuo kikuu