Barua kwa mwanangu: wimbo ninaotaka utoke dukani

Mwanjelwa, Mbeya
29 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Ugonile. Baada ya salamu, nakuarifu kuwa sisi huku ni wazima, mvua zimeshika, mahindi ya bibi yako kule Tukuyu yamekwisha kuota na yanangoja palizi, na dada yako anakusalimu sana. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu neno ulilolisema Jumapili iliyopita limenikaa kifuani, na kwenye simu wewe huwa na haraka, nami huwa na wateja.

Ulisema umechoka na nyimbo za Krismasi. Ulisimulia jinsi ulivyosimama kwenye foleni ya kulipia sabuni huko Morogoro ukasikia wimbo mmoja ukirudiwa mara tatu kabla hujafikiwa, na jinsi redio zilivyoanza kuzipiga hata mwezi wa kumi na moja haujafika nusu. Halafu ukasikia nyuma ya sauti yangu spika ya dukani ikiimba zilezile, ukacheka, ukaniuliza, "Hata wewe, Mama?" Nilikujibu kwa mzaha kwamba biashara ni biashara. Jibu lile lilikuwa nusu, na leo nataka kulimalizia.

Nianze na pale ambapo nakubaliana nawe. Uliuliza theluji na farasi vinatuhusu nini sisi. Havituhusu. Baridi yetu ni ya Juni na Julai, ambapo kule Makete watu huamka wakakuta jalidi imelala juu ya nyasi kama unga uliomwagika, na miezi hiyo hakuna redio hata moja inayotuimbia habari za baridi. Desemba yetu ni mwezi wa tope, mbolea na viatu vya mpira, na kule Kitulo ndipo maua yanapoanza kufunguka. Tena ule wimbo wa kengele za farasi, ambao kila duka la hapa sokoni linao, haumtaji Yesu wala hautaji Krismasi hata mara moja. Aliyeutunga, Mmarekani James Lord Pierpont, aliuchapisha Boston mwaka 1857, na unahusu vijana wanaojifurahisha juu ya kigari kinachoteleza kwenye theluji kikivutwa na farasi mmoja. Ule mwingine wa kutamani Krismasi nyeupe, aliourekodi Bing Crosby mwaka 1942, ulitungwa na Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa katika dola ya Urusi akahamia Marekani akiwa mtoto. Sina ugomvi na nyimbo hizo. Mtoto wa mteja akizisikia huanza kucheza, na mama yake anapata dakika mbili tatu za kuchagua gauni bila kuvutwa kanga. Kwa kazi hiyo zinatosha.

Bibi yako hazipendi kabisa, lakini kwa sababu yake mwenyewe. Mwaka juzi alipokuja kutibiwa macho, alikaa dukani tangu asubuhi, na wakati huo hata Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa bado. Alisikiliza weee, kisha akasema, "Mtoto hajazaliwa, ninyi mmekwisha kumpa mama yake hongera." Unajua kwetu jambo hilo halifanywi. Nilicheka, nikapunguza sauti, na alipoondoka nikaipandisha tena.

Ili unielewe, inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Ninyi mmezaliwa mkakuta redio zimejaa, kila mkoa una zake, na simu nazo zina redio ndani yake. Sisi tulikuwa na redio ya taifa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyumbani Tukuyu tulikuwa na chombo kimoja cha kuisikilizia, ambacho babu yako alikiweka juu ya kabati na kukifunika kitambaa alichokidarizi bibi yako. Chombo kile kilikula betri kama ng'ombe anavyokula majani. Zilipochoka tulizianika juani ili zipate nguvu kidogo, na wewe unaijua Tukuyu, jua la Desemba pale ni la kuombea. Kwa hiyo tangu mwanzo wa mwezi babu yako alikuwa akitoa amri kwamba redio ifunguliwe kwa taarifa ya habari ya jioni tu, kisha ifungwe, ili betri zifike mkesha wa Krismasi zikiwa hai. Usiku huo ndipo tulipoketi sote mkekani, hata jirani wasio na redio, tukasikiliza kwaya. Wimbo wa kwanza wa Krismasi kwa mwaka mzima tuliusikia usiku huo, na baada ya siku mbili tatu zilikuwa zimekwisha mpaka mwaka mwingine. Babu yako alimpenda pia Jim Reeves, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alisema mtu yule anaimba kama anayesali peke yake chumbani.

Mwaka 1978 haikuwa hivyo. Mjomba wako mkubwa alikuwa amekwenda vitani Kagera, na betri zote za nyumba ile ziliishia kwenye taarifa ya habari, asubuhi, mchana na usiku, kiasi kwamba mkesha ulipofika redio ilikuwa bubu. Babu yako hakusema kitu. Alituvika makoti, tukatembea kwenye mvua hadi kanisani, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya, alisimama mbele na nguo zikimchuruzika, akatoa sauti, na kwaya ikaanza Usiku Mtakatifu kwa Kinyakyusa, bila kinanda, bila tarumbeta. Bibi yako, ambaye huimba kuliko sisi sote, hakufungua kinywa. Alinishika mkono kwa nguvu, na hakuuachia mpaka ubeti wa mwisho. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na sikuelewa kwa nini mkono wangu unauma. Mjomba wako alirudi mwaka uliofuata, unamjua, na mpaka leo hapendi kusimulia.

(Nilikuja kujua baadaye kwamba mwaka huohuo Boney M. walikuwa wametoa huko Ulaya wimbo wao wa mtoto wa Mariamu. Sisi ulitufikia kwa kanda miaka kadhaa baadaye, nasi watoto tuliamini kwamba Boney M. ni jina la mtu mmoja mwenye sauti nne.)

Wimbo ninaotaka kuuzungumzia ni ule wa babu yako, Usiku Mtakatifu. Asili yake nao ni ugenini. Maneno ni ya padre kijana, Joseph Mohr, na sauti ni ya Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule ya kijiji kama alivyokuwa babu yako, na waliuimba kwa mara ya kwanza wao wawili kwa gitaa katika kanisa la Oberndorf, Austria, usiku wa tarehe 24 Desemba mwaka 1818. Wamisionari wa Kimoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891 wakitoka Ujerumani, walikuja na nyimbo zao, na wazee wetu wakazipokea, wakazitia katika lugha yetu, wakaziimba hadi zikawa hazina ugeni tena. Hauna theluji ndani yake, una mtoto aliyelala na watu waliokesha, na watu waliokesha tunao.

Sasa nikueleze jinsi wimbo huo ulivyoingia dukani. Kosa ni lako na langu pia. Mwaka jana ulipokuwa likizo ulinisomea kutoka kwenye daftari lako la masoko habari za mtafiti wa Marekani, Ronald Milliman, ambaye mwaka 1982 alichapisha matokeo ya kupima muziki katika duka kubwa la vyakula: muziki wa taratibu ulipopigwa wateja walitembea polepole, na mauzo yalikuwa juu kwa takribani asilimia 38 kuliko pale ulipopigwa muziki wa kasi. Ulinisomea kama kichekesho. Mimi sikucheka. Kesho yake nilimpelekea flashi yule kijana anayeuza nyimbo pale stendi ya Kabwe, nikamwambia aniwekee za Krismasi zilizo taratibu tu. Kati ya alizoweka, iliyo taratibu kuliko zote ilikuwa hiyo, imeimbwa na kwaya moja ya hapa nchini, tena vizuri sana.

Sina asilimia za kukupa, maana duka langu lina hatua saba kwa tano, na mteja hata akitembea polepole namna gani anafika ukutani. Lakini nilichokiona nilikiona. Mama anaingia na uso wa kuuliza bei tu, wimbo unaanza, anasimama, mkono wake unabaki juu ya gauni, naye anaangalia mahali pasipo na kitu. Nikimwacha kidogo bila kumsemesha, ananunua. Yupo mmoja kutoka Isyonje aliyekuwa na fedha za viazi, akawanunulia mabinti zake wawili magauni ya kung'aa ambayo mwenyewe aliniambia ni ghali mno. Njaanuari ilipofika alirudi kutafuta sare za shule, akasimama palepale mkono ukiwa juu ya sketi ya bluu, safari hii bila wimbo na bila fedha. Nilimkopesha, na amekwisha kulipa. Lakini sikupenda kukutana na macho yake.

Usinielewe vibaya. Sitaki kukuambia kwamba kupiga muziki dukani ni dhambi. Ada yako inatoka katika spika ile. Nimelipia hata kibali cha kupiga muziki, kwa sababu ile Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haitofautishi baa na duka la nguo za watoto, na kusema kweli sikulipa kwa kinyongo. Mohr na Gruber wamekwisha kufa zamani mno, hawadai mtu, lakini wale wanakwaya waliosimama studioni wakaurekodi ni watu wenye nauli na kodi ya nyumba kama sisi, na nauli ya daladala haiwasubiri mbinguni.

Kilichonipata kilinipata kanisani. Mwaka jana, usiku wa mkesha, nilifunga duka saa mbili na nusu, nikachukua bajaji hivyohivyo bila kula, nikafika ibada imekwisha kuanza, nikapata nafasi nyuma karibu na mlango. Taa zilipunguzwa. Kwaya ikatoa sauti, na ulikuwa ni ule wimbo. Mwanangu, nilipousikia niligeuka kutazama mlangoni nione mteja gani ameingia. Sikufikiri, shingo iligeuka yenyewe. Na mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mfuko wa aproni, ambayo katika haraka zile nilikuwa nimesahau kuivua, ukitafuta chenji. Nilijaribu kuurudisha moyo. Nilimkumbuka babu yako alivyosimama akichuruzika maji, nikakumbuka mkono wa bibi yako. Nilichokiona kichwani ni magauni yametundikwa kwa ukubwa, ya miaka miwili, ya minne, ya sita. Waliimba beti zote, na mimi nilipiga hesabu ya mauzo ya siku beti zote.

Miaka arobaini na kitu wimbo ule ulinisubiri mahali pamoja, nami nikauendea mara moja kwa mwaka. Kwa kuupiga mara ishirini kwa siku, kwa majuma manne, niliuhamisha bila kujua. Wewe umechoshwa na nyimbo ambazo hukuzichagua, na uchovu wako utakwisha ukitoka nje ya duka. Wangu nilijitakia, nami nilikuwa ninalipwa huku ukiniingia. Ndiyo maana uliponiuliza "Hata wewe, Mama?" nilifanya mzaha.

Nilisema nitakuomba jambo, au kama sikusema basi nasema sasa. Utakapokuja tarehe 20, kabla hata hujafungua begi, nenda dukani uchukue ile flashi. Iingize kwenye kompyuta yako, uutoe wimbo huo. Mimi nimejaribu kwa kutumia vitufe vya spika nikaishia kuuruka tu, nao unarudi zamu yake ikifika. Jana umepigwa mara sita nikiwa nahesabu. Usiufute. Uhifadhi mahali kwenye kompyuta yako ambapo mimi siwezi kufika. Nyimbo za farasi ziache zote, na Boney M. mwache, maana bila yeye wauza nguo wa mstari huu watadhani nimefunga biashara. Kama unaye mwingine wa taratibu ambaye hanihusu kwa lolote, mlete.

Usiku wa tarehe 24 utanisindikiza kanisani. Safari hii nitafunga saa kumi na mbili jioni, hata mlango ukiwa na watu, na aproni nitaiacha dukani. Sijui kama wimbo utakuwa umerudi mahali pake. Pengine mwaka mmoja hautoshi. Bibi yako amesema atakuja, na amekwisha kuniagiza nimwekee nafasi mbele, pembeni yangu. Wewe utakaa upande wa pili.

Usisahau koti la mvua, na huko njiani ukipita Ilula usininunulie nyanya, za hapa zimeshuka bei.

Ndaga fijo, mwanangu.

Ni mimi,
Mama yako