Blogu au tovuti? Nyumba iliyopangishwa jana ndiyo iamue

Ndugu Mhariri,

Madalali na kampuni ndogo za nyumba na viwanja hapa Dar es Salaam hutuuliza sisi tunaojenga kurasa za mtandaoni swali lilelile: nianze na blogu kwa kuwa ni ya bure, au nitoe hela nijengewe tovuti? Tunaomba nafasi kwenye safu yako tulijibu, maana majibu wanayopewa huanzia kwenye bei, na bei siyo pa kuanzia.

Anzia kwenye nyumba iliyopangishwa jana. Tangazo lake leo liko wapi?

Kwenye blogu liko palepale. Blogu imetengenezwa kwa mtindo wa shajara: kilichoandikwa mwisho kinakaa juu, vya zamani vinashuka chini. Mtindo huo unafaa maelezo, lakini nyumba haichakai kwa tarehe. Nyumba ya Goba iliyowekwa mwezi Machi inaweza kuwa wazi mpaka Julai, wakati apartimenti ya Sinza iliyowekwa asubuhi imeshachukuliwa jioni. Blogu itaibandika ya Sinza juu na kuizika ya Goba ukurasa wa sita. Mteja anapiga simu kwa ajili ya ile isiyokuwepo, anajibiwa "hiyo imeshaenda, ila ninayo nyingine", na kuanzia hapo kwake wewe ni tapeli tu.

Anayetumia Blogger ya Google ana mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Anwani ya kila andiko hubeba mwaka na mwezi lilipochapishwa, kwa mfano /2023/03/, kisha ndipo jina. Punguza bei, weka picha mpya, paka nyumba rangi. Anwani itabaki ya 2023. Mteja aliyetumiwa kiungo hicho WhatsApp anaiona 2023 kabla hajaiona sebule.

Tovuti ya nyumba iliyotengenezwa sawasawa inatofautiana na blogu kwa kitu kimoja kikubwa: visanduku vya kujazia taarifa. Kila nyumba ina kisanduku cha eneo, cha aina (nyumba nzima, apartimenti, chumba master, fremu, kiwanja), cha idadi ya vyumba, cha bei, cha miezi ya kulipia, na cha hali. Hicho cha mwisho ndicho roho ya kazi. Kinatakiwa kuwa na majibu manne tu: ipo, imeshikwa, imepangishwa, imeuzwa. Ukibonyeza "imepangishwa", nyumba itoke yenyewe kwenye orodha ya kutafutia, ukurasa wake ubaki na alama nyekundu juu, na chini yake zijitokeze nyumba tatu za jirani zenye bei inayokaribiana. Usiufute ukurasa siku hiyohiyo. Kiungo chake kimeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na anayekifungua akakuta "ukurasa haupatikani" hatakutafuta tena. Akikuta "imepangishwa, lakini angalia hizi", bado ni mteja.

WordPress, programu ya kutengenezea kurasa za mtandaoni, inaweza kuwa blogu na inaweza kuwa tovuti, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Kipimo ni rahisi. Kabla hujamalizia malipo, mwambie fundi akuonyeshe mahali pa kubadilisha bei ya nyumba moja. Akifungua kisanduku kimoja, akaandika tarakimu, akahifadhi, sawa. Akifungua andiko refu na kuanza kuisaka bei katikati ya aya, umeuziwa blogu kwa bei ya tovuti.

Visanduku vina faida nyingine: vinakulazimisha kusema yale mnayoyaacha ili mteja apige simu. Chukua nyumba ya TSh 450,000 kwa mwezi, inayolipwa miezi sita, na udalali wa kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji anahitaji 2,700,000 za kodi na 450,000 za dalali, yaani 3,150,000 mkononi siku ya kuingia. Iandike jumla hiyo. Simu zitapungua, kweli, lakini zitakazoingia zitakuwa za watu wenye hela. Andika pia kama luku ni ya peke yake au ya kuchangia, maji ni ya DAWASA au ya kisima, choo ni cha ndani au cha nje, na gari linafika mlangoni au linaachwa barabarani masika yakianza. Kwa kiwanja, "ishirini kwa ishirini" haijasema kitu mpaka uandike ni mita au ni hatua. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Hatua hutegemea miguu ya aliyepima.

Kichwa cha tangazo kiwe na maneno ambayo mtu angeyaandika Google. "WAHI!!! MPYA SOKONI" hakuna anayeyatafuta. "Nyumba ya kupanga Kimara Korogwe, vyumba 3, luku yake" yanatafutwa kila siku. Na kila nyumba ipewe namba ya kudumu, tuseme 0147, iingie kwenye anwani ya ukurasa badala ya tarehe.

Picha ndizo zinazoua kurasa nyingi za nyumba, ziwe za blogu au za tovuti. Picha moja ya simu ya siku hizi inafika MB 4 au zaidi. Ukiweka 12 kwa nyumba moja ni MB 48. Mteja mwenye bando la GB 1 analimaliza kwa kufungua nyumba ishirini na moja, na kwa kawaida ataondoka kabla ya ya pili. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,600 na uzito wa kilobaiti 150 au 200 kila moja, zote 12 zisizidi MB 2.4. Picha ya kwanza iwe ya nje mchana, geti likionekana. Picha ya choo isiachwe; mpangaji wa Dar anaitafuta hiyo kabla ya jiko.

Jambo ambalo tumeona likipuuzwa: picha inayopandishwa mtandaoni kama ilivyotoka kwenye simu inaweza kubeba ndani yake alama za GPS za mahali ilipopigwa. WhatsApp huziondoa ukituma kama picha ya kawaida; tovuti nyingi haziziondoi. Dalali mwenzako anaipakua picha, anasoma ramani, na kesho yuko kwa mwenye nyumba anaomba apewe kazi. Zima huduma ya mahali kwenye kamera, au zipitishe picha kwanza kwenye programu inayofuta taarifa hizo.

Fomu ya "jaza jina, barua pepe, ujumbe" msihangaike nayo sana. Watu hapa hawajazi fomu. Wanapiga au wanaandika WhatsApp. Kitufe cha WhatsApp ndicho kiwe kikubwa, na hapa kosa ni lilelile kila mara. Kiungo huandikwa wa.me/ kisha namba ya kimataifa bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo: kwa mfano 2557 na tarakimu nane zinazofuata. Ukiandika 25507, kitufe kinafunguka vizuri kabisa kisha kinasema namba haipo, na mwenye tovuti anakaa miezi akidhani biashara ni mbaya. Mwisho wa kiungo ongeza ?text= na ujumbe ulioandikwa tayari: "Habari, nimeona nyumba namba 0147, Kimara Korogwe. Bado ipo?" Utajua mara moja mteja anaulizia ipi, hata kama una nyumba sitini.

Sasa blogu. Hatusemi itupwe. Tangazo la nyumba huishi wiki, maelezo mazuri huishi miaka. Mtanzania aliyeko Muscat au London anayetaka kiwanja Kigamboni haoni stetasi yako ya WhatsApp, inayofutika baada ya saa 24, na kiungo ulichokiweka kwenye maelezo ya picha ya Instagram hakibonyezeki. Anaandika swali Google. Akikuta umemweleza tofauti ya hati miliki na leseni ya makazi, kwa nini hati huwa na muda wa miaka 33, 66 au 99, kiwanja kilichopimwa kinatambulikaje kwa namba na kitalu, na kwa nini karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa siyo hati, atakupigia wewe. Maandiko matano ya namna hiyo, kila moja maneno 800 hivi, yanazidi matangazo mia mbili yaliyokufa. Yawekwe ndani ya tovuti yako mwenyewe, kwenye sehemu ya makala, siyo kwenye blogu ya pembeni yenye anwani yake, ili sifa yote ya Google irudi kwenye jina moja. Yanayogusa kodi za serikali yakaguliwe kila Julai, kwa sababu Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 mwezi huo na viwango hubadilika.

Kuna upande wa sheria ambao wauza tovuti hawautaji. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni, na gharama zake kwa jumla zilipita shilingi milioni mbili. Kanuni hizo zilibadilishwa 2020 na zikaguswa tena baadaye. Anayetangaza nyumba zake na anayeanza kuchapa habari za mjini ili avute wasomaji hawako kwenye mizani moja, kwa hiyo kabla ya kugeuza blogu ya nyumba kuwa gazeti, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Vilevile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Majina na namba za simu za wateja ni taarifa binafsi. Picha ya hati yenye jina la mwenye nyumba ni taarifa binafsi pia, na kuipandisha mtandaoni ili kuthibitisha kwamba "mali ni safi" ni kumpa mghushi kielelezo cha kunakili. Andika kwamba hati ipo; mteja aione ofisini.

Ramani ya Google nayo ina kanuni yake. Ofisi yako inaruhusiwa kuwekwa kama biashara, na ni bure. Nyumba inayopangishwa au kuuzwa hairuhusiwi. Wanaosajili kila apartimenti kama biashara hufutiwa, na wakati mwingine ofisi nayo inaondoka na maoni yake yote.

Kwa dalali mwenye nyumba tano kwa mwezi, ushauri wetu ni huu: nunua jina lako la mtandaoni, la .com kwa dola 10 hadi 15 kwa mwaka au la .co.tz kwa msajili aliyeidhinishwa, kisha weka ukurasa mmoja tu wenye picha, maeneo unayofanyia kazi na kitufe cha WhatsApp. Kama hela haipo, hata Blogger inakubali kuunganishwa na jina lako. Siku ukihama, anwani inabaki yako. Zikifika nyumba 20 zilizo wazi kwa wakati mmoja, ndipo ujengewe tovuti ya visanduku. Kataa mandhari (mwonekano wa tovuti uliotengenezwa tayari) za kulipia zilizovunjwa kufuli na kutolewa bure. Nyingi huja na virusi, na utashtuka tovuti yako ya nyumba inauza kamari.

Na jina lisajiliwe kwa barua pepe yako, siyo ya fundi. Omba nywila ya msajili, ya seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) na ya WordPress siku ya kukabidhiwa, uzibadilishe mbele yake. Fundi akihama na simu yake isipatikane, jina la .com lililoisha muda na kufutwa huwa na siku 30 za kukombolewa kwa faini, na barua zote za onyo zitakuwa zimekwenda kwake.

Wako,
Wajenzi wa tovuti,
Dar es Salaam